Pesa ya Mabati

Mpenzi Evarista,

Salamu kutoka Miyuji. Mwambie Tumsifu baba yake ameiona ripoti ya shule, amefurahi mno.

Mke wangu, pesa ya mabati ya nyumba yetu haipo. Niliichezea kamari kwenye kasino ya mtandaoni. Nililipa kwa sarafu za kidijitali, zile zinazofika kabla hujapepesa jicho. Niliposhtuka nikitaka kuirudisha, hakukuwa na benki wala wakala wa kumpigia simu.

Nilimweleza kaka yako Ernest. Akasema, "Shemeji, mwambie mwenyewe kabla sijamwambia mimi."

Simu nimeiuza, ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi nakuja Mpwapwa. Usiponifungulia mlango, nitakaa kibarazani mpaka utakapokuwa tayari kunisikiliza.

Akupendaye na kukuonea haya,
Ulimboka