Kipande cha Sita cha Kitabu Chako

Kijiji cha Rutamba,
S.L.P. 41,
Lindi.
12 Februari 1995.

Mpendwa mpwa wangu Grace,

Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea. Marahaba, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe na mume wako Edwin, na kwamba mtoto wenu Lukas ameacha kukohoa. Mimi mwili unaniruhusu kutembea, isipokuwa goti la kushoto, na macho bado yanasoma mchana penye mwanga wa kutosha. Habari za mama yako si nzuri. Nitazieleza mahali pake, kwa kuwa hazitaeleweka vizuri bila habari za kitabu. Nakuomba usiruke mistari.

Riwaya uliyonitumia mwezi wa Septemba ilifika salama. Uliniomba maoni, nami nimechelewa kuyatoa kwa sababu sikuwa nimeimaliza. Anayehukumu kitabu asichokimaliza ni sawa na mwalimu anayetoa alama kabla ya kusahihisha.

Kwanza nikiri kosa: kitabu chako tumekikata. Unalikumbuka darasa la kisomo cha watu wazima, ambamo mama yako alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na miwili, nami kaka yake nikiwa mwalimu wake. Jengo lile sasa ni ghala la mnunuzi binafsi wa korosho, na vitabu vyake viliishia kufungia karanga. Madukani siku hizi kuna sabuni za kila rangi na redio za kila ukubwa, lakini kitabu hakuna hata kimoja. Wanafunzi wa zamani wanaoendelea kusoma, pamoja nami, ni watu sita, na kitabu kilikuwa kimoja. Kwa hiyo Abilahi, fundi cherehani, alifumua uzi kwa wembe, akakigawa vipande sita, na kila kipande akakishonea jalada la mfuko wa saruji.

Utaratibu wetu ni huu. Kila mtu huchukua kipande chake akakisome nyumbani. Baada ya wiki mbili tunakutana barazani kwa Abilahi, na kila mmoja anawasimulia wenzake alichokisoma, kuanzia cha kwanza hadi cha sita. Kisha tunabadilishana. Hivyo watu sita huijua hadithi nzima kabla hata mmoja wao hajaisoma yote. Niliubuni utaratibu huo mwenyewe, na nilijivunia.

Sasa maoni. Lugha ya mwandishi ni safi, ila anapenda sentensi ndefu kuliko pumzi ya msomaji. Mpiga chapa amefanya uzembe mkubwa: nimehesabu makosa ishirini na tisa katika kipande cha pili peke yake. Ninasoma pia kitabu kidogo cha ufugaji wa nyuki, cha zamani, ambacho hakina kosa hata moja na ndani yake hafi mtu. Naona nitakirudia mara nyingi.

Lakini najua hukuniuliza habari za mpiga chapa. Uliniuliza kama yule mjomba wa kwenye riwaya alifanya haki. Unakumbuka kwamba kijana amekwenda mbali kufanya kazi migodini, na baba yake anaugua nyumbani. Baba anamkataza mjomba asimwandikie kijana, ili asiache kazi. Mjomba anakubali, ananyamaza, na baba anafariki.

Ungalijua hali ya nyumbani, nadhani usingalitutumia kitabu hiki. Mama yako ana uvimbe katika titi la kushoto. Aliuficha chini ya kanga tangu mwaka juzi. Mwezi wa Novemba ulipasuka ukawa kidonda, nami nikampeleka hospitali. Daktari alituambia kwa upole kwamba tumechelewa, na kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tuliporudi aliniketisha na kusema, “Kaka, Grace ana mtoto mchanga, na maofisini wanapunguza watu. Akiondoka sasa, akirudi atakuta kiti chake kimekaliwa. Usimwandikie. Niahidi.” Nilimwahidi. Unajua kwamba katika maisha yangu sijazoea kutoa ahadi nyingi, kwa sababu huwa ninazitimiza.

Tulikutana barazani kwa mara ya kwanza katikati ya Desemba. Mama yako alikuwa na kipande cha sita, yaani cha mwisho. Alikuja akiegemea fimbo, akakaa karibu na cherehani, akajifunika vizuri. Hakuna aliyejua anaumwa nini isipokuwa mimi.

Kabla hatujafika kwake, ugomvi ulikuwa umekwisha kuanza. Adija, yule mama wa vitumbua, alisema mjomba huyo ni mchawi wa waziwazi.

“Mtoto wa mtu anachimba mawe huko, huku baba yake anakufa, na jitu zima limenyamaza!” alisema.

“Ameombwa na mgonjwa mwenyewe,” Abilahi akamjibu. “Wewe, Adija, ukiambiwa siri asubuhi, adhuhuri inauzwa pamoja na vitumbua.”

“Heri mimi nauza siri. Wewe una suruali ya Tawakali tangu Idi, hujaishona wala hujairudisha!”

Watu walicheka, na mama yako alicheka pia, akijishika ubavu. Kisha zamu yake ikafika. Alisimulia polepole, kipande kikiwa kimefungwa mapajani. Alisema kijana alirudi akakuta kaburi, akalia siku moja, kisha akaenda kwa mjomba, akapiga magoti na kumshukuru kwa kumlinda. Akarudi kazini, akapandishwa cheo, akajenga nyumba. Hadithi ikaishia hapo.

Abilahi alisema, “Si niliwaambia?” Mimi nilisimama, nikatoa hotuba fupi juu ya kutunza neno la mtu mzima, nikamsifu mjomba yule kuwa mtu mwenye msimamo. Grace, nilikuwa najisifu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Kwa utaratibu, kipande cha sita kilipaswa kuja kwangu. Mama yako alisema anataka kukirudia kidogo. Baada ya wiki mbili akasema bado. Mara ya tatu hakuweza kufika barazani, nasi wengine tukakutana bila yeye. Jumatano iliyopita nilikwenda mwenyewe kukidai, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Alikitoa chini ya mto. Akaniambia, “Kasome kwako, si hapa.”

Nilikisoma mchana ule ule. Wewe umekisoma, kwa hiyo unajua tayari. Kijana hamshukuru mtu. Anakataa kuingia nyumbani kwa mjomba. Anakataa hata maji. Anamsimamisha njiani, mbele ya watu, na kumwuliza jambo moja tu, kama baba yake alimwulizia. Mjomba anajibu kwamba alimwulizia kila siku. Kijana anaokota mfuko wake na kuondoka, na mwandishi haandiki tena neno juu yake.

Nilirudi kwa mama yako. Nilimwuliza kwa nini alitudanganya sisi sote, naye ni mwanafunzi wangu, tena niliyemfundisha herufi kwa mkono wangu.

Alisema, “Niliona unahangaika, Kaka. Nikakupa mwisho utakaokuwezesha kulala.”

Nikamwuliza, “Na wewe je?”

Alijigeuzia ukutani, akavuta kanga hadi mabegani. Jana asubuhi, nilipompelekea uji, aliniuliza kama meli ya kutoka Bukoba bado huondoka kila siku, na kama treni ya Mwanza ina mahali pa kulala mtu mwenye mtoto. Nilimwambia sijui. Akasema hakuwa na sababu ya kuuliza.

Haya ndiyo maoni yangu kuhusu kitabu chako. Mjomba yule hakufanya haki. Mgonjwa alikuwa na haki ya kuomba, lakini mjomba hakuwa na haki ya kukubali, kwa sababu kilichoombwa hakikuwa mali yake. Nimechukua miezi mitatu kuliona hilo, na imebidi nisimuliwe uongo kwanza.

Kwa hiyo navunja ahadi. Njoo, Grace. Omba ruhusa kwa maandishi na ubaki na nakala. Wakikunyima, uamuzi ni wako na wa mume wako. Sitakuandikia kwamba kazi si kitu, kwa sababu najua ni kitu. Usisubiri Machi. Masika yakianza, mabasi ya Lindi hayavuki Rufiji, na mama yako hatakaa hadi barabara ikauke. Kidonda kina harufu, nakueleza mapema ili uso wako usishtuke mbele yake. Amekonda sana. Hali tena chochote isipokuwa uji, na maneno yake ni machache. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta. Naandika nikiomba umkute.

Barua hii inaondoka leo na Hussen, dereva wa lori la korosho, ambaye ameahidi kuitia posta Dar es Salaam kwa mkono wake. Ukifika Lindi mjini, mwulizie sokoni, atakuleta hadi Rutamba.

Jambo moja la mwisho. Ukiingia kwa mama yako, usimwambie umekuja likizo. Uongo katika nyumba hii umetosha. Mwambie mjomba alikuandikia. Atanikasirikia, na muda wa kunisamehe huenda asiupate. Hilo niachie mimi.

Nisalimie Edwin kwa heshima zote, na mbusu Lukas kwa niaba ya bibi yake, ambaye hakunituma kusema hivyo. Abilahi na Adija wanakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Mungu aitazame safari yako kwa nchi kavu na kwa maji, na awape nyinyi wawili, wewe na mama yako, siku mtakazohitaji.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na niliyechelewa,

Bonaventura