Wagonjwa Wangu Wamepata Nesi Mwingine

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Nimerudi nyumbani Nyakato, viatu vimejaa tope la Sengerema. Badala ya kubandika chakula jikoni nimekaa kuandika, kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu yeyote kazini.

Nina wivu. Si wa mwanamume. Namwonea wivu nesi mwenzangu.

Mnaonisoma humu mnajua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa kwenye kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, katika hospitali moja kubwa hapa Mwanza. Mama zao walikuwa wanatoka hadi ng'ambo ya ziwa, wengine wanalala kwa ndugu mjini ili wawahi foleni. Mlangoni hapakuwa na jina langu, lakini ukiuliza kliniki iko wapi, watu walikuelekeza "kwa Sista Koku".

Sasa mambo yamebadilika. Hospitali, vituo vya afya na zahanati za huku kwetu tunatakiwa kufanya kazi kama nyumba moja. Mtoto anatibiwa karibu na kwao, daktari bingwa anafuatilia kwa simu, na akizidiwa ndipo analetwa kwetu, taarifa zake zikiwa zimeshatangulia. Tulipotangaziwa kikaoni, nilipiga makofi. Tena mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha manesi wa vituoni.

Hakuna aliyeniambia kwamba mabenchi ya kliniki yangu yatabaki matupu.

Leo nilivuka ziwa kwenda Sengerema kumwangalia Rehema, binti niliyemfundisha mwenyewe, akiwa kazini kwenye kituo chake. Daktari wetu bingwa alitaka neno langu la mwisho: kituo kile kiachwe kijitegemee, au bado? Hata sijakaa vizuri, Mama Kabula akaingia amembeba binti yake mgongoni, binti mkubwa, miguu inaning'inia. Kabula namjua tangu akiwa mchanga. Maumivu yalikuwa yamemshika magotini na kiunoni, midomo imemkauka.

Niliinuka haraka kuliko Rehema. Nikamshika mkono. Kabula akanipa shikamoo kwa shida, halafu akageuza kichwa, akauliza, "Dada Rehema yuko wapi?"

Nikasogea pembeni.

Nikasimama karibu na dirisha nikivizia akosee. Naandika hivi kwa aibu. Kitandani kuna mtoto analia, na mimi nesi nangoja kosa.

Hakukosea. Alimpima joto, akamsikiliza kifua, akampigia daktari mjini wakakubaliana dawa ya maumivu, akamnywesha maji kidogo kidogo huku amemwekea taulo la uvuguvugu magotini. Na alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho. Alijua kwamba Kabula amenyeshewa akienda shule, maana wanakaa mtaa mmoja. Akamwambia mama kwamba yeye mwenyewe atamwona mwalimu, mtoto asitolewe nje siku za baridi.

Mchana Kabula alilala usingizi. Mama yake akanifuata kwenye kibaraza, akasema zamani saa hizi wangekuwa bado wanangoja kivuko, mtoto analia mbele za watu. Akamwombea Rehema baraka. Kisha nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu aliongeza taratibu, "Na wewe sista, ulitulea."

Ulitulea. Kama mtu anayemshukuru aliyekwisha kustaafu.

Wakati naondoka Rehema alinisindikiza na mwavuli wake, akauliza wapi amepungukiwa ili ajirekebishe. Nilitafuta kosa la kumtajia, sikulipata. Nikamwambia amefanya vizuri, na sauti yangu ilitoka kavu kiasi kwamba akaniangalia mara mbili.

Nikiwa kwenye kivuko daktari akapiga. Akauliza, "Vipi, wako tayari?"

Neno "bado" lilikuwa mdomoni. Angeniamini bila kuuliza sababu, na kliniki ijayo Mama Kabula angekuwa kwenye benchi langu. Kisha nikamfikiria Kabula amelazwa juu ya mabegi ya watu, humu humu kwenye kivuko, magoti yanamwaka, anavuka maji ili mimi nijisikie mtu.

"Wako tayari," nikasema. "Rehema anaweza."

Daktari akashukuru. Akaniomba wiki ijayo niende Ukerewe, kuna nesi mwingine wa kufundishwa. Nikakubali.

Wivu haujaondoka, nisijidanganye. Ninao hapa nilipokaa, na nadhani nitaamka nao.

Ninachojiuliza ni kimoja tu. Huyo wa Ukerewe, nitamfundisha vyote ninavyovijua, kama nilivyomfundisha Rehema kabla sijajua nitabaki na nini?