Kipande cha Mchanga cha Spesioza

Baba Hamisi,

Pumzika, ila kwanza nisikilize. Mwandiko ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, usinicheke.

Kesi yako imekwisha. Ulikwenda zako kaburini ukaniachia mwalo mzima, wavuvi na waanika dagaa wote wa ufuoni, ukiniuliza, "Mama, majaji wanasemaje?" kama vile mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Wewe ndiye uliyegonga mhuri ukampa Spesioza, mkimbizi wa Burundi, kipande cha mchanga aanikie dagaa. Na ukakitoa wapi? Ubavuni pangu! Bila kuniuliza. Miezi mitatu sikuitikia salamu yake, na wewe kazi yako kusema, "Mama Hamisi, jua linawatosha nyote wawili."

Serikali ikaja juu: ufuo ni wake, wakimbizi ni wake, kijiji hakina ruhusa ya kugawa kitu. Ukang'ang'ana mpaka mahakamani, na kikohozi kile, nami nakukemea.

Sasa majaji wamefungua katiba wakakata hivi: wakimbizi ni kazi ya serikali kuu, waende kambini. Kugawa mwalo ni kazi ya kijiji. Mkutano wa kijiji ukishaamua, hakuna wa juu wa kupangua.

Umeshinda, mume wangu. Na umeshindwa. Siku ileile.

Spesioza alipandishwa lori dagaa wake wakiwa bado wabichi upande mmoja. Nikawageuza mimi. Walipokauka nikampelekea kambini. Akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Nililia, usimwambie mtu.

Juzi mkutano ukaitwa: kipande kile apewe nani? Nikanyoosha mkono. Wakaguna, bibi mroho huyu, chake hakimtoshi! Nikasimama. "Majaji wamesema kugawa ni kwetu. Basi mpeni tena Spesioza." Wakasema hayupo. Nikawaambia, na aliyempa naye hayupo, mbona maamuzi yake mengine yote mnayafuata?

Kura ikaitishwa. Halafu mikono ikapanda, mmoja mmoja, hadi wa yule jirani yetu mbishi. Imeandikwa katika kitabu cha kijiji: kipande ni cha Spesioza.

Kila asubuhi naokota changarawe pake kabla ya pangu.

Lala, mkaidi wangu. Nikiwa hai, pale haaniki mtu mwingine. Na siku akirudi, nakuahidi, nitamsalimu mimi kwanza, hata kama ni mdogo kwangu.

Mama Hamisi wako