Mama Anataka Uzee Wake

Dada Kabula,

Shikamoo. Poleni na kuvuna pamba huko Kishapu. Samahani kwa hii picha ya mashimo ya dhahabu. Duka la nje ya hospitali hapa Geita halina kadi nyingine.

Unakumbuka mama alipoanza kuona siku zake tena, wakati ana wajukuu wa kuoa? Ngozi ikang'aa, mawifi wakampigia vigelegele kwamba Mungu amemrudishia usichana, na tukachinja kuku. Leo daktari ametuambia ni uvimbe kwenye ovari, wa aina wasiyoiona mara nyingi. Huo uvimbe ndio unaomwaga homoni za ujana mwilini. Kesho asubuhi wanampasua, na mpaka wamfungue hawajui kama umesambaa.

Dada, naogopa. Vumbi la malori linaingia dirishani, mama amekatazwa kula, na yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa uliyomfungia amempa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilimuuliza kama na yeye anaogopa. Akasema, "Mwambie daktari autoe huo usichana wote. Mimi nataka uzee wangu."

Wabusu watoto, ila usiwaambie kitu bado. Tuombeeni. Na kile kigoda chake cha mlangoni, asikikalie mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Minza