Kuteki Ova na Kuovateki

Dada Somoe,

Shikamoo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Na joto la Lindi bado linawachoma? Mimi hapa Tukuyu nimevaa soksi mbili na sweta juu ya sare, mvua haijakata tangu alfajiri. Mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu ningelia, nawe ungeitangazia nyumba nzima.

Unamkumbuka Sista Tumpe niliyekusimulia, muuguzi mtu mzima, mwenyeji wa hapa hapa Rungwe? Ndiye aliyenipokea nilipopangiwa kituo hiki, akanitafutia chumba, akanifundisha hata kuwasha mkaa wenye unyevu. Basi nimekosana naye, kisa neno moja la Kiingereza.

Mganga wetu mfawidhi aliondoka Jumamosi kumpeleka mkewe Mbeya kwa upasuaji. Akiwa njiani akatupia ujumbe kwenye grupu la kituo, kwa Kiingereza chake cha mkato, kwamba Mwanahawa, yaani mimi, ateki ova kuanzia Jumatatu. Ateki ova nini, hakusema. Ukimpigia, hapatikani.

Sisi wauguzi tunalitumia kila siku, anayeingia zamu anateki ova kwa anayetoka. Mtu wa maabara akasema hapana, hivyo ndivyo kampuni inavyomeza kampuni nyingine. Mama wa usafi, mpenzi wa redio, akasema hilo ni la wanajeshi wanapomtoa rais ikulu. Tukacheka. Sista Tumpe hakucheka.

"Mimi Kiingereza changu cha kuokoteza," akasema, "ila hilo nalijua. Mabasi ya Kyela yanafanya kila siku pale kwenye kona. Umeniovateki, mwanangu."

"Sista, kuovateki ni kitu kingine."

"Kingine nini? Teki ova, ova teki, maneno si yale yale mawili? Mimi nimezalisha hapa hujazaliwa. Haya, endesha."

Akaweka mezani funguo za kabati la dawa na za chumba cha kujifungulia, akaenda kukaa penye mzani wa kupimia watoto uzito, huko nje kwenye baraza. Siku mbili hakunisemesha ila salamu. Na mimi, dada, kwa kiburi changu unachokijua, nikazitia zile funguo mfukoni. Nisikufiche, nilizifurahia.

Jumatano mchana akaletwa mama mmoja kwa bodaboda kutoka upande wa Nkunga, uchungu umeshapamba moto. Mtoto mkubwa. Kichwa kikatoka, halafu kikarudi nyuma kidogo na kukaa hapo hapo. Mabega yamekwama. Nikamkunja mama miguu hadi kifuani, muuguzi mwenzangu akakandamiza chini ya kitovu kama tulivyofundishwa chuoni. Wapi! Uso wa mtoto unageuka zambarau naona kwa macho yangu.

Sista Tumpe alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale. Nilijua anajua cha kufanya. Na sikumwita. Nilikuwa nawaza watasema nini, funguo anazo na kazi imemshinda. Nikarudia yale yale yaliyokwisha kushindikana. Saa ya ukutani inatembea. Yule mama akanishika mkono, akasema, "Sista, mwanangu anakufa?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele, "Sista Tumpe! Njoo uteki ova, mimi nimeshindwa!"

Sijui aliingiaje. Nilimkuta tu yuko ubavuni kwangu, glavu mkononi. "Mgeuze apige magoti," akasema. Tukamgeuza. Akaingiza mkono taratibu, macho amefumba, akautafuta mkono wa mtoto ulioko nyuma, akautoa, na mtoto mzima akafuata. Hakulia. Tukampulizia hewa kwa kifaa, tukamsugua mgongo, nami nasoma kila dua niliyofundishwa na Mama. Alipolia, mama yake akawa anasema "Ndaga, ndaga," asante ya huku, bila kukoma.

Mtoto yu hai, dada. Ila mkono wake wa kulia umelegea, hauinuki. Amepelekwa Mbeya kwa mazoezi ya viungo. Wanasema huenda ukarudi, huenda usirudi.

Jioni ile mganga akapatikana. Kumbe Sista Tumpe alikuwa amemlalamikia maumivu ya magoti, na mganga akataka nimpokee Sista zamu za usiku ili apumzike! Ndiyo teki ova yenyewe hiyo. Nilitamani kuirusha simu ukutani. Nikamrudishia Sista funguo. Akapokea, lakini kitabu cha taarifa akakisukuma kwangu.

"Andika wewe. Uliyekuwa umeshika kazi ni wewe."

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri, ndizi za huku zimeshanizoea. Msalimie shemeji yangu mvumilivu, mumeo, na wifi Zainabu. Bibi mzaa mama umbusu kiganja kwa niaba yangu. Haya ya mtoto usimwambie yeyote.

Maana sijamaliza. Niliandika yote. Niliandika kwamba nilichelewa kumwita msaidizi aliye karibu, na kwamba hakuna aliyenizuia. Nilijua ukurasa ule unaweza kunitoa kazini. Nikampelekea Sista Tumpe atie sahihi. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Alipofika pale pa kuchelewa kwangu kidole kikasimama, nikajua sasa ananisema.

Akaomba kalamu. Chini ya maneno yangu akaandika kwa herufi zake kubwa kubwa: "Na mimi nilimsikia yule mama tangu mwanzo. Nilikaa penye mzani nikisubiri kuitwa."

Akatia sahihi, akanisogezea kitabu. Tulikaa pale wawili, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mdogo wako anayekupenda,
Mwanahawa