Nilisema Mbili, Goti Likisema Nane

Mpendwa mshauri, naomba msaada, jambo hili nimelibeba peke yangu na limenizidi. Mimi ni fundi cherehani wa miaka sitini na moja, mwaka jana niliwekewa goti la bandia nikakubali kuingia kwenye utafiti wa maumivu baada ya upasuaji, muuguzi akawa ananipigia simu kila Jumatatu kuniuliza, kuanzia sifuri mpaka kumi, goti linauma kiasi gani, na mara ya kwanza nikasema nane, mume wangu aliyekaa pembeni akaguna, "Mtu mzima unadeka hivyo, huoni tumeshachoka?" basi tangu hapo nikawa nasema tatu, au hata mbili, na muuguzi anafurahi, "Hongera mama, laiti wote wangekuwa kama wewe," kumbe mazoezi ya kukunja mguu nilishayaacha kwa uchungu, nikiulizwa nasema nafanya, na leo goti limekakamaa, pedali ya cherehani siiwezi tena.

Hilo ningelimeza. Lakini mdogo wangu, aliyeukimbia upasuaji huo miaka mingi, alikubali kwa kunisikia mimi nikisema hauumi sana. Nimemkuta wodini siku ya tatu baada ya kupasuliwa, ameng'ata shuka, machozi yanamtoka, akaniambia, "Dada, wewe ulivumiliaje? Wakiniuliza naona haya, nasema nne. Kumbe mimi ni mwoga tu." Nikampangusa jasho, nikanyamaza, nikarudi nyumbani. Nikisema ukweli atanichukia, na wale wa utafiti wataniona tapeli. Nifanyeje?

Fundi mwenye goti gumu

*

Dada fundi,

Pole kwa goti. Kwa kunyamaza sikupi pole.

Mumeo alikosea, tena vibaya. Uchungu wa mtu haupimwi na aliyekaa kwenye kochi. Lakini wodini mumeo hakuwepo. Mlikuwa wawili, mdogo wako akakuuliza swali, ukampangusa jasho.

Nane uliyoionea aibu ndiyo watu wa utafiti waliyokuwa wanaitafuta, wajue dawa inashindwa wapi na kwa nani. Mficha uchi hazai. Wewe ulipata hongera, ukakosa tiba, na mpaka leo kuna karatasi inayosema umepona.

Sasa sikiliza. Leo hii nenda wodini umwambie mdogo wako, "Nilidanganya. Iliniuma nane, na mazoezi niliyaacha." Usiondoke mpaka muuguzi aje, naye mdogo wako ataje namba yake ya kweli, apewe dawa, kwa sababu asiyetulizwa maumivu hawezi kukunja goti, na goti lisilokunjwa mapema unalijua lilivyo. Kesho wapigie wale wa utafiti, uwaambie kila namba uliyoipunguza. Hawatakufunga. Omba daktari alione goti lako. Siwezi kukuahidi kitu, umechelewa. Mumeo akisogea karibu na simu, mwambie atoke nje.

Mdogo wako anaweza kukufukuza. Ana haki, usijitetee, toka. Siku ya mazoezi rudi, umshike mguu anapoukunja, na akilia mwache alie.