Nundu Kando ya Kovu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Moyo unasemaje? Dawa unameza, au unaziangalia tu? Mimi mzima.

Majibu yametoka. Uvimbe ulioota ndani ya msuli, kando ya kovu lako, ni mafuta matupu, si saratani. Huenda ule upasuaji wa uti wa mgongo ndio uliouamsha. Wataalamu hawana hakika. Lakini jeraha lile nililishona mimi, Baba. Mkuu wangu alichoka, akaniachia. Tangu uvimbe uonekane sijashika kisu. Nimeomba nihamishiwe kufundisha. Nisamehe.

Binti yako

14 Machi

Sindano wangu,

Marahaba, mwanangu. Moyo unachechemea kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi, na daktari wa hapa ananitazama kwa macho ya kuaga. Basi nikiri mapema.

Mkuu wako hakuchoka. Kabla sijachomwa dawa ya usingizi nilimnong'oneza: "Ukimaliza, mwachie binti yangu ashone."

"Mwalimu, huyu bado anajifunza."

"Koti langu la kazini alilitia kiraka akiwa darasa la nne. Nimestaafu nalo."

Alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Nilikuficha usije ukavimba kichwa. Kumbe kitakachovimba ni mgongo!

Sikiliza. Niliingia chumba cha upasuaji nikibebwa. Leo naenda bafuni kwa miguu yangu. Kila mgeni namfunulia kovu. Jirani yetu, fundi cherehani, alilikagua akauliza, "Mashine gani hiyo?" Uvimbe wenyewe nauita nundu, nawe umesahau nilichokufundisha: ng'ombe haelemewi na nunduye. Usiniombe msamaha. Shika kisu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Leo nimeshika kisu tena, nimeshona mgongo wa dereva wa lori. Mkuu nilimbana, akakiri: "Baba yako alinitisha kuliko mtihani." Likizo nakuja kuisalimia nundu yetu.

Sindano wako

10 Aprili

Mwanangu,

Pole, nami nijipe pole. Barua yako nilimsomea baba yako juzi asubuhi; akataka nirudie pale pa dereva, nikarudia, akataka tena. Jioni akatutoka, taratibu.

Waliomwosha waliiona nundu, wakaniuliza alipatwa na nini. Nikawaonyesha kovu lililo kando yake, limenyooka kama mstari wa rula.

"Hili," nikawaambia, "kashona mwanangu."

Mama yako